Kubadilisha Bushi za Suspensheni ya Mbele kwa Gari la Barabarani na Uwanja wa Mbio

Dereva anapokanyaga breki kwa nguvu mwishoni mwa sehemu iliyonyooka, kisha akahisi usukani ukitetemeka na pua ya gari ikiyumba kabla ya kuingia kwenye kona, kwa kawaida hushuku diski za breki, matairi au shokapu. Mara nyingi chanzo ni kipande kidogo cha mpira kilichobanwa kati ya mabomba mawili ya chuma, yaani bushi ya mkono wa chini, ule unaounganisha gurudumu na fremu ya gari. Bushi ndiyo bawaba ya suspensheni: huuruhusu mkono kupanda na kushuka, na papo hapo huuzuia kwenda mbele, nyuma au pembeni. Watengenezaji huiunda kwa mpira laini ili mtikisiko wa barabara usiwafikie abiria, na ulaini huohuo ndio unaoligharimu gari pale linapotakiwa kufunga breki na kukata kona kwa kiwango cha uwanja wa mbio.

Ukubwa wa nguvu zinazohusika unaonekana kwa hesabu fupi. Tuchukue gari la kilo 1,200 ambalo matairi yake yana uwezo wa kulisimamisha kwa nguvu inayolingana na uzito wake wote. Ikiwa magurudumu ya mbele yanafanya asilimia 70 ya kazi hiyo, kila tairi la mbele linavutwa kuelekea nyuma kwa takriban niutoni 4,100, na kwa kuwa bolijointi ya chini, yaani kiungo cha tufe kinachounganisha mkono na habu inayobeba gurudumu, iko juu zaidi ya mahali tairi linapogusa lami, mkono wa chini hupokea nguvu inayozidi hiyo. Bushi laini au iliyochoka huuacha mkono urudi nyuma milimita kadhaa, lakini tairodi, yaani fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu, hairudi kwa kiasi kilekile. Tofauti ya milimita 1 tu kati ya viungo hivyo viwili, kwenye gari ambalo kipande kinachounganisha tairodi na habu kina urefu wa milimita 120, hugeuza gurudumu kwa karibu nusu digrii. Hakuna fundi wa alaimenti, yaani upangaji wa pembe za magurudumu, atakayekubali kosa la nusu digrii kwenye mashine yake, ilhali gari lenye bushi laini hulifanya kosa hilo kila breki inapokanyagwa, tena pengine si kwa kiasi sawa kushoto na kulia.

Chagua kwa mwendo wa kiungo kabla ya ugumu

Kosa ninaloliona mara nyingi ni mtu kununua seti ngumu kuliko zote na kuiweka kila mahali. Bushi inapaswa kuchaguliwa kwanza kwa namna kiungo chake kinavyotembea, na ugumu ufuate baadaye, kwa sababu kiungo kinachokwama ni kibaya kuliko kiungo laini. Suspensheni iliyokwama haifuati tena springi na shokapu. Tairi huruka juu ya matuta madogo, na dereva hupoteza mshiko bila onyo.

Lala chini ya gari lako na uangalie mhimili wa kila bushi, yaani mwelekeo wa bolti inayopita katikati yake. Katika suspensheni ya mikono miwili, mmoja juu na mwingine chini, kama ile ya Mazda MX-5, bushi mbili za mkono mmoja zimepangwa kwenye mstari mmoja, mithili ya bawaba mbili za mlango. Kila bushi huzunguka tu, na hapo nyenzo yoyote ngumu inayozunguka vizuri itafanya kazi. Hali ni tofauti kwenye suspensheni ya MacPherson, yenye mkono wa chini tu na shokapu inayoshikilia gurudumu kwa juu, ambayo ndiyo ya magari mengi madogo. Mkono wake wa chini mara nyingi una umbo la L: bushi ya mbele ina bolti iliyolala na hubeba nguvu za pembeni za kona, na bushi ya nyuma, iliyo kubwa zaidi, huzuia nguvu za breki. Katika magari mengi ya aina hiyo, bolti ya bushi ya nyuma imesimama wima. Mkono unapopanda na kushuka, bushi hiyo haizunguki kama bawaba bali hulazimika kuinama kwenye mhimili wake. Mpira unakubali kuinama hivyo. Poliyurethani ngumu, aina ya plastiki inayonyumbulika kidogo, inakataa, na inapokataa, mzigo huhamia kwenye bolti, kwenye masikio ya sabufremu (fremu ndogo inayoshikilia mikono) na kwenye mkono wenyewe.

Sasa nyenzo. Ugumu wa mpira na wa poliyurethani hupimwa kwa kipimo cha Shore A, ambapo namba kubwa ina maana ya ugumu zaidi. Mpira wa kiwandani kwa kawaida huwa kati ya 50 na 70, na poliyurethani ya magari huanzia karibu 75 hadi 95. Tofauti kubwa zaidi, hata hivyo, iko kwenye namna zinavyofanya kazi. Mpira wa kiwandani umegandishwa moja kwa moja kwenye chuma cha ndani na cha nje, kwa hiyo hauzunguki hata kidogo. Unajisokota, kisha unajirudisha. Poliyurethani haijagandishwa popote: inateleza juu ya bomba la ndani na ndiyo sababu inahitaji grisi. Beringi ya tufe, ambayo ni chuma ndani ya chuma, haina ulaini wowote lakini inaweza kuinama kila upande bila kukwama.

Kwa gari linalotumika barabarani siku nyingi na uwanjani siku chache, maoni yangu ni haya. Kwenye bushi ya mbele ya mkono wa L, na kwenye suspensheni ya mikono miwili, weka poliyurethani ya ugumu wa kati, ya 80 hivi. Kwenye bushi ya nyuma iliyosimama wima, weka mpira mgumu uliogandishwa, ikiwa gari lako lina toleo la mashindano la bushi hiyo. Kama halina, weka beringi ya tufe yenye kifuniko cha kuzuia vumbi, na ukubali kwamba utasikia kila jiwe na utaikagua mara kwa mara. Mtu anayeshiriki mashindano asome kwanza kanuni za daraja lake, kwa kuwa baadhi ya madaraja huruhusu kubadilisha nyenzo ya bushi lakini hukataza beringi za tufe au kuhamisha kitovu cha bushi.

Kuhamisha kitovu ni jambo linalostahili kufikiriwa kabla ya kununua. Bushi ambayo tundu lake haliko katikati kabisa huweza kusukuma bolijointi ya chini mbele na hivyo kuongeza kasta, yaani mwinamo wa mhimili wa usukani kuelekea nyuma. Kasta ikiongezeka, usukani hujirudisha katikati kwa nguvu zaidi, na gurudumu la nje huinamia ndani zaidi linapokatwa kwenye kona, jambo ambalo tairi la mbele hulihitaji sana. BMW ilitumia bushi ya namna hiyo kwenye M3 ya kwanza, ya kizazi cha E30. Gharama yake ni usukani mzito kidogo na tairi linalosogea karibu na ukuta wa mbele wa tao la gurudumu. Pima nafasi hiyo usukani ukiwa umekatwa mpaka mwisho.

Hakikisha tatizo ni bushi

Kabla ya kufungua chochote, ingiza mtaimbo mfupi kati ya mkono na sabufremu, usukume taratibu na uangalie bomba la ndani. Mpira mzima hukubali kidogo na kurudi. Mpira uliokufa huacha bomba litembee na mara nyingi huonyesha ufa unaozunguka. Baadhi ya bushi za nyuma zina mafuta ndani, na doa jeusi lenye unyevu chini yake ni ushahidi wa kutosha kwamba zimepasuka. Kisha inua gari, ushike tairi kwa juu na chini na ulitikise: mchezo, yaani ulegevu, hapo huelekeza kwenye bolijointi au beringi ya gurudumu. Ulishike kushoto na kulia: mchezo hapo huelekeza kwenye tairodi. Kufunga bushi mpya karibu na bolijointi iliyolegea ni kazi bure, na kwa kuwa mkono utakuwa tayari mezani, huo ndio wakati wa kubadilisha vyote viwili.

Kutoa bushi ya zamani

Legeza nati za magurudumu gari likiwa chini, liinue kwa jeki, na uliweke juu ya stendi imara zilizoegemea sehemu ambazo mtengenezaji ameziainisha. Jeki peke yake haitoshi kamwe kwa mtu anayeingiza mwili wake chini ya gari. Gari lako likiwa na springi inayokalia mkono wa chini, mkono huo umebeba nguvu inayoweza kuua: uegemeze kwa jeki kabla ya kutenganisha bolijointi, kisha uushushe polepole, au uibane springi kwa kifaa chake. Kwenye suspensheni ya MacPherson usiguse kamwe nati kubwa ya katikati juu ya shokapu, maana ndiyo inayoizuia springi.

Tenganisha kiungo cha stabilaiza (fimbo inayopunguza gari kulala kwenye kona), toa bolijointi kwenye habu, na uifunge habu kwa waya ili isining'inie kwenye bomba la breki au waya wa kihisi cha magurudumu. Ikiwa bolti za mkono zina washa zenye umbo la yai za kurekebishia alaimenti, zichore kwa rangi zilipokaa kabla ya kuzilegeza. Alama hiyo itakuwezesha kuliendesha gari salama mpaka kwenye mashine ya alaimenti.

Mkono ukiwa mezani, usikimbilie nyundo. Chukua kalamu ya rangi na uchore mstari unaopita kwenye bushi na kwenye mkono. Bushi nyingi za nyuma zina nafasi tupu ndani ya mpira, zilizokatwa makusudi ili bushi iwe laini upande mmoja na ngumu upande mwingine, na bushi ya mpira iliyofungwa huku imegeuzwa kwa robo ya mzunguko hufanya kinyume cha ilichokusudiwa. Pima pia kwa kalipa ni kiasi gani ganda la nje lilijitokeza kila upande wa mkono.

Mashine ya presi ndiyo njia safi zaidi. Panga bomba la kupokea lenye kipenyo cha ndani kinachozidi kidogo ganda la bushi, na upande wa pili weka kipande cha duara kinachokanyaga ganda lenyewe. Ikiwa bushi iko kati ya masikio mawili, weka kati yake kipande cha bomba kilichopasuliwa, la sivyo presi itayakunja masikio kabla bushi haijatikisika. Usiuchome mpira kwa moto ili utoke. Moshi wake ni sumu, na joto hilo linaweza kuharibu nguvu ya mkono, hasa ule wa alumini.

Ganda lisipotoka kwa presi, kuna njia ya subira ambayo haijaniangusha. Toboa mpira kuzunguka bomba la ndani kwa drili mpaka bomba lenyewe lidondoke, kisha ufyeke mabaki kwa kisu. Fungua ubapa wa msumeno wa chuma, upitishe ndani ya ganda, uufunge tena kwenye fremu yake, na ukate ganda kwa urefu, kutoka ndani kwenda nje. Mikato ya mwanzo hutoa unga mwekundu wa kutu, kisha unga unaong'aa. Simama kila baada ya mikato kumi uangalie kwa tochi. Mstari mwembamba mweusi unapotokea chini ya mkato, hapo ndipo ganda linapoishia na mkono unapoanzia, na ndipo pa kuacha. Kata mstari wa pili sentimita moja kando ya ule wa kwanza, kisha weka ncha ya tindo jembamba kati yake na ugonge. Kipande hicho hujikunja kuelekea ndani, ganda zima hulegea, na hutoka kwa vidole.

Kufunga mpya

Safisha tundu kwa brashi ya waya na msasa laini hadi chuma kiwe safi bila kupunguzwa, na upapase kwa kidole kutafuta kingo zilizoinuka. Ziondoe kwa tupa. Bushi yenye ganda la chuma huingia kwa kubana sana, na joto husaidia. Ganda la chuma la milimita 50 likikaa usiku kucha kwenye friji ya kugandisha hupungua kwa takriban milimita 0.02, na tundu la ukubwa huo kwenye mkono wa alumini likipashwa joto kwa nyuzi 80 zaidi hutanuka kwa karibu milimita 0.09. Ni vipimo vidogo kwa macho, lakini kwenye presi huonekana mara moja. Pasha mkono baada ya kutoa bolijointi, na usivuke nyuzi 100 za Selsiasi. Sukuma ganda la nje peke yake. Presi ikikanyaga mpira au bomba la ndani, bushi mpya itakuwa imekufa kabla ya kuingia kwenye gari.

Poliyurethani huja kwa nusu mbili na huingia kwa mkono au kwa jiliwa. Paka grisi iliyotolewa na mtengenezaji wake, ambayo kwa kawaida ni ya silikoni inayostahimili maji, kwenye uso wa nje, kwenye tundu la ndani na kwenye kingo zinazogusa masikio ya fremu. Kisha fanya ukaguzi ambao wengi huuruka: weka rula ya chuma juu ya bushi iliyokamilika na uone kama bomba la ndani limejitokeza kidogo kuliko poliyurethani. Linapaswa kujitokeza, kwa sababu bolti inatakiwa kubana bomba, huku poliyurethani ikibaki huru kuzunguka juu yake. Ikiwa poliyurethani ndiyo iliyo juu, sugua uso wake kwa msasa uliolazwa kwenye kioo mpaka bomba litokeze. Bushi za mpira uliogandishwa hazipakwi grisi kabisa, na grisi ya petroli huuvimbisha mpira wa asili na kuuharibu.

Rudisha mkono kwenye gari kwa bolti zilizokazwa kwa vidole tu, na kabla ya kuunganisha bolijointi na stabilaiza, jaribu mwendo wake. Kwa mikono yenye poliyurethani au beringi za tufe, kaza bolti za bushi kwa kipimo chake, kisha inua na ushushe mkono kwa mkono wako katika mwendo wake wote. Unapaswa kwenda kwa upinzani ulio sawa kutoka chini hadi juu. Ukikuta mahali panapokaza, kuna kitu hakijakaa sawa: bushi imeingia kombo, bomba ni fupi, au kiungo hicho hakikufaa nyenzo uliyochagua. Tafuta sababu wakati huo, kwa sababu springi ikishafungwa hutaweza tena kulihisi tatizo hilo.

Wapi na lini pa kukaza

Kwa bushi za mpira uliogandishwa utaratibu ni tofauti. Bolti zake hukazwa kwa kipimo cha mwisho pale tu suspensheni inapokuwa kwenye kimo chake cha kawaida, yaani magurudumu yakiwa yamebeba gari. Mkono wenye urefu wa milimita 350 unaoning'inia milimita 90 chini ya kimo hicho umezunguka kwa digrii 15 hivi. Ukiukaza hapo, bushi hubanwa katika nafasi hiyo, na gari likishuka, mpira husokotwa kwa digrii 15 na kubaki hivyo daima, hata gari likiwa limeegeshwa. Seti yangu ya kwanza ya bushi ngumu niliikaza gari likiwa juu ya stendi. Pua ya gari ilikaa juu kidogo kuliko kawaida, jambo nililoliona na kulipuuza, na baada ya miezi michache nikakuta mpira umechanika kwa mduara kamili kuzunguka bomba la ndani, pande zote mbili. Bushi zilikuwa nzuri. Ni kukaza kwangu kulikoziharibu.

Pandisha gari kwenye miinuko ya chuma au liweke magurudumu yote manne juu ya mbao nene zilizo sawa, libonyeze mbele mara kadhaa ili litulie, kisha ukaze. Mahali pasipo na nafasi, inua mkono kwa jeki chini ya bolijointi mpaka umbali kati ya kitovu cha gurudumu na ukingo wa bodi ulingane na ule ulioupima kabla ya kuanza kazi. Ikiwa umeshusha gari kwa springi fupi, tumia kimo kipya. Tumia spana ya kupimia nguvu na namba za kitabu cha gari lako, badilisha bolti ambazo kitabu kinasema hutumika mara moja tu, na usipake mafuta kwenye nyuzi za bolti kama kitabu hakijaagiza, kwa kuwa bolti yenye mafuta huvutika zaidi kwa kipimo kilekile. Chora mstari wa rangi unaounganisha kichwa cha bolti na fremu.

Alaimenti ni lazima baada ya kazi hii. Anza na kasta, fuata mlalo wa gurudumu (kuinama kwake ndani au nje), umalizie kwa pembe ya magurudumu kutazamana, kwa sababu mbili za kwanza hubadilisha hiyo ya mwisho. Kwa kuwa bushi ngumu hazisogei sana chini ya breki, huna haja tena ya kuweka pembe kubwa ya kufidia ulaini. Mpangilio unaokaribia sifuri huyatunza matairi barabarani na hufanya gari liitike mapema uwanjani.

Fahamu pia kwamba mpira uliogandishwa ulikuwa ukiisaidia springi kidogo kila ulipojisokota. Ukiubadilisha kwa poliyurethani au beringi ya tufe, msaada huo hutoweka, na gari linaweza kuhisi laini kidogo kwenye mawimbi ya barabara hata kama limekuwa kali kwenye usukani. Shokapu zinazoweza kurekebishwa ziongezwe hatua moja tu kwa wakati, na baada ya kuendesha.

Baada ya kilomita 100 za barabarani, kagua mistari ya rangi na ujaribu tena bolti kwa kipimo chake, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Rudia ukaguzi huo jioni ya siku ya kwanza uwanjani, gari likiwa limepoa. Poliyurethani inayolia kama mlango mkavu inaomba grisi, kwa hiyo ifungue, uisafishe na uipake upya, maana kelele hiyo huja pamoja na mchubuko kwenye bomba la ndani. Beringi ya tufe ikaguliwe kila baada ya siku ya uwanjani: shika mkono karibu na kiungo, mtu mwingine atikise tairi, na ukisikia hata mguso mdogo wa chuma chini ya vidole, ibadilishe kabla ya safari inayofuata.